Kurasa za Katikati ya Mwezi

Ujumbe wa André uliingia kwenye simu Ijumaa saa nane mchana, Ruphin akiwa getini anamfungulia fundi wa kukata nyasi. Ulikuwa mfupi kama kawaida yake: kesho saa tatu asubuhi nakuja kumwona kijana, njoo na kila kitu ulichoandika. Ruphin aliusoma, akarudisha simu mfukoni, akaitoa tena akausoma upya. Ujio wa André alikuwa akiuombea miaka mitatu. Kilichomtoa raha ni hayo maneno mawili, kila kitu.

Ruphin alikuwa mlinzi wa geti kwenye viwanja vya michezo huko Turffontein, mahali ambapo Jumamosi za mbio unasikia kipaza sauti cha uwanja wa farasi kikitaja majina ya farasi utadhani kinaita wagonjwa hospitalini. Kwao Lubumbashi alikuwa karani wa mizani: lori la madini likipanda anaandika uzito, likishuka anaandika tena. Alipoletwa kulinda uwanja wa besiboli alicheka mpaka machozi. Watu wazima, mmoja anarusha mpira, mwenzake anaukosa kwa rungu, kisha wote wanasimama kungoja arushe tena! Lakini mtu aliyezoea kuhesabu hawezi kuwekwa mbele ya kitu kinachohesabika akatulia. Mwaka haukuisha, Ruphin alikuwa anaujua mchezo ule kuliko nusu ya wazazi waliokuja na viti vyao vya kukunja.

Ndiye aliyemwona Hénock kwanza, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Hénock ni mtoto wa Victorine, msusi wa Rosettenville na muumini mwenzake Ruphin. Siku hiyo alikuwa na miaka kumi na mitano, ametumwa kumletea Ruphin bakuli la sombe, kisamvu cha kwao. Mpira ukapotea njia ukaja mpaka getini, kijana akauokota, akaurudisha bila hata kuweka bakuli chini. Ule mpira ulikwenda umenyooka, ulipomkaribia mdakaji ukajikunja ukashuka ghafla, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Mdakaji alibaki na mkono hewani. Ruphin alisahau sombe yake mpaka ikapoa.

Basi akamtafuta André. Huyu alikuwa mzungu wa hapahapa, mdakaji wa zamani mwenye magoti mabovu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka akiitafutia timu moja ya Marekani vijana wa kulea. Hawakuwa vijana wa ligi kubwa ile ya kwenye televisheni. Walikuwa wa ligi ndogo za chini, ambako kijana analishwa, anafundishwa na kupimwa mwaka hadi mwaka, mpaka ijulikane kama ni mchezaji kweli au ni abiria tu. André alimtazama Hénock mara moja, akampa Ruphin rada kuukuu ya mkononi ya kupimia kasi ya mpira, akamwambia: kila mwezi niandikie anaendaje. Ukiifanya vizuri, siku moja utakuwa jicho langu huku. Ruphin aliibeba ahadi hiyo kama hati ya nyumba.

Akaanza kuandika. Na kwa kuwa mlinzi ni mlinzi, aliandika kwenye kitabu cha matukio, kile kikubwa chenye jalada gumu ambacho kila kibanda cha ulinzi mjini humu kinacho. Kitabu hicho kina sheria zake. Kurasa zake zina namba, hivyo huwezi kuchana hata moja bila kujulikana. Hufuti neno. Kilichotokea zamu yako unakiandika, hata kama kilichotokea ni wewe kulala. Kila Jumamosi Hénock alirusha mipira thelathini ya kukunja, na Ruphin aliandika mingapi imepita kwenye dirisha, yaani ile nafasi iliyo juu ya kibao cha mpigaji, kati ya magoti na kifua. Safu ya kwanza tarehe, ya pili idadi, ya tatu sababu.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuja kwenye kutuma. Kila mwezi ulikuwa na Jumamosi nne, wakati mwingine tano, na Ruphin alimtumia André moja tu, ile nzuri kuliko zote. Hakuona kuwa ni uongo. Mtu akikuomba picha ya arusi yako, utampa ile uliyofumba macho? Na siku nzuri, ajabu yake, ilikuwa ileile kila mwezi: Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ishirini na mbili kati ya thelathini, ishirini na tatu, ishirini na nne. Ruphin alikuwa na maelezo yake. Mwisho wa mwezi nyumbani kwa Victorine wanapika nyama, alijiambia, na kijana akila nyama anapata nguvu. Jumamosi za katikati, kijana alirusha vibaya mpaka Ruphin akaona haya kuandika, lakini aliandika kwa sababu kitabu kilimtaka aandike.

Sasa André anataka kila kitu. Ruphin alikaa kwenye kibanda, akafungua kitabu, akafunga. Akiziona hizi tisa na kumi na moja za katikati ya mwezi atasema kijana hategemeki. Ataondoka na gari lake, na kijana hana pa kuombea tena. Amefikisha miaka kumi na minane, na mwakani hawatamtazama. Mwishowe akatuma mtu spaza, kiduka cha jirani, amletee daftari jipya la shule, akainama, akanakili Jumamosi za mwisho wa mwezi peke yake, kwa mwandiko mzuri na mistari iliyopigwa kwa rula. Kitabu cha matukio akakifungia kwenye droo ya kibanda. Alipomaliza alijisikia kama mtu aliyefagia uchafu chini ya zulia, na kusema kweli hilo hasa ndilo alilofanya.

Jioni alipita saluni kuhakikisha kijana amepumzika. Alikuta viti vyote vimejaa, wanawake wengine wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wamepokea mishahara na wanataka kusukwa. Na katikati yao amesimama Hénock, mrefu kama mlingoti, anasuka. Alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mama mmoja, vidole vinakwenda vyenyewe bila kutazamwa.

Ruphin alilijua hilo. Vidole vya Victorine vilianza kufa ganzi miaka mitatu na ushei iliyopita, na tangu hapo Ijumaa za mwisho wa mwezi, kazi inapozidi, mtoto anamsaidia. Hata hivyo leo alitaka kupiga kelele.

"Mama Hénock! Kesho njo siku yenyewe, na weye umemusimamisha mtoto tangu asubui?"

"Papa Ruphin, usinitazame vile," alisema Victorine, akiwa anakoroga kopo kwenye jiko la umeme. "Ni mwisho ya mwezi. Bantu hawa niwafukuze? Wakienda kwa mwingine hawarudiake."

"Na mkono wake?"

"Mkono ya kusuka haichoke. Mi nilisuka miaka makumi mbili."

Alipoona macho ya Ruphin yanashuka kwenye vidole vyake alivificha kwenye aproni, naye Ruphin akaona aibu kwa kuvitazama.

Ndani ya kopo ilikuwa nta yake ya kusukia. Victorine aliipika mwenyewe, nta ya nyuki na karafuu na vitu vingine ambavyo hakumwambia hata mchungaji, na ndiyo iliyomletea wateja kutoka mpaka Soweto, maana msuko uliopakwa nta ile ulikaa wiki sita haujalegea. Ukimpa Victorine mkono leo, kesho mkono wako bado unanukia. Hénock alichovya vidole viwili kwenye kopo, akavipitisha kwenye shina la nywele, akaendelea.

"Sharp, Tonton," alisema bila kugeuka, kumtuliza mjomba wake wa kanisani. Alifika nchi hii akiwa na miaka minne, na Kiswahili alikizungumza kidogokidogo, kama mtu anayekanyaga maji baridi. "Bado vichwa viwili tu. Nitalala."

"Utalala saa ngapi?"

"Nitalala, Tonton. Usiogope."

Kumwambia Ruphin asiogope ilikuwa kazi bure. Alirudi kwake, akala bila kuonja, akaamka na mwanga wa kwanza roho iko juu.

André alifika saa tatu kasoro dakika tano. Alikuja na mashine ndogo ya miguu mitatu inayohesabu mpira unazunguka mara ngapi hewani, akaisimamisha nyuma ya mdakaji wa klabu. Victorine naye alikuja. Alikuwa amefunga saluni asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua, akavaa gauni lake la kanisani la bluu, akasimama kwenye uzio wa waya akisogeza midomo. Upande wa pili wa barabara kipaza sauti cha farasi kilikuwa kinajaribiwa, moja mbili, moja mbili.

"Mipira ya kukunja, thelathini," alisema André. Alizungumza Kiingereza chake kizito, na Ruphin akamtafsiria Victorine kupitia waya.

Hénock alirusha. Mpira wa kwanza ulikwenda, ukajikunja, ukaanguka dirishani. Wa pili vilevile. Wa tatu ulianzia nje kabisa ukaingia ndani, na Victorine, ambaye hakujua kipi kizuri na kipi kibaya, akapiga aleluya kwa yote. Ruphin alihesabu akiwa ameuma kidole. Kumi kati ya kumi na mbili. Kumi na saba kati ya ishirini na mmoja. Kijana alipofika thelathini alikuwa ametoa ishirini na nne, sawa na siku bora kuliko zote. Ruphin akamgeukia André kumpa daftari lake zuri.

André hakulipokea. Alikuwa anaitazama mashine, mizunguko ilikuwa mingi mno, uso umemkunjana. Alimwomba mdakaji ule mpira wa mwisho, akausugua kwa kidole gumba, akausogeza puani.

"Njoo hapa," alimwambia Hénock. "Nipe mkono. Fungua."

Aliuweka mpira juu ya kiganja kilichofunguliwa, kisha akakigeuza kiganja chini taratibu. Mpira haukuanguka. Ulining'inia pale, moja, mbili, ndipo ukabanduka na kudondoka kwenye nyasi.

Harufu ile ilikuwa imemfikia Ruphin, asali na karafuu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu mambo mawili aliyoyajua sikuzote yalikutana kichwani mwake. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saluni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ishirini na nne. Nyama haikuhusika hata kidogo.

"Nani amemfundisha hii?" André alimwuliza Ruphin, wala hakupandisha sauti. "Unajua kule Marekani mwamuzi anakagua mikono ya warushaji? Wakimkuta na kitu cha kunata anatolewa uwanjani mbele ya watu wote, na jina lake linachafuka. Wewe ndiye uliyempaka?"

"Hapana. Naapa, hapana."

"Anasema nini?" Victorine alikuwa amekwisha kuzunguka uzio, gauni amelishika mkononi. "Papa Ruphin, anasema nini? Anasema mutoto yangu iko na dawa? Mwambie sisi ni bantu ya Mungu! Hatuingiake kwa waganga!"

"Hajasema dawa, Mama Hénock. Ni nta. Ni ile nta yako."

Victorine alisimama, akautazama mkono wa mwanawe, kisha mpira kwenye nyasi. Ikamwingia polepole. Halafu akafanya jambo ambalo Ruphin hakulitegemea. Alimwendea André, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele yake, ile mikono anayoificha hata kanisani, vidole vimejikunja na havifunguki vizuri.

"Mwambie," alisema. "Mwambie vidole yangu vimekufa. Mwambie anasukaka juu yangu, kunisaidia. Nta inaingia kwa kucha, sabuni haiitoe. Ni mi njo nilikosa."

Ruphin alitafsiri neno kwa neno. André aliitazama mikono ile, akavua kofia, akaivaa tena. Hasira ilikuwa imempungua, lakini uso haukufunguka. Ruphin alimgeukia Hénock.

"Ulijua inanata?"

"Nilijua, Tonton. Sikujua ni kosa."

"Juu ya nini hukuniambia?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Ulikuwa unafurahi sana."

Neno hilo lilimchoma Ruphin kuliko lolote aliloambiwa asubuhi ile.

"Akanawe," alisema André. "Arushe tena, mikono safi. Nione ni nani anarusha, yeye au nta."

Walikwenda stoo ya mkata nyasi. Walimnawisha kwa mafuta ya taa, kisha sabuni ya vyombo, kisha mchanga, kisha mafuta ya taa tena, Victorine akimsugua kwa gauni lake la kanisani kwa sababu vidole havikuweza kushika kitambaa. Mikono ya Hénock ilitoka mikavu, imechubuka. Ruphin aliiona akageuza macho.

Mpira wa kwanza ulipiga ardhi hatua mbili mbele ya mdakaji. Wa pili ulipita juu ya kichwa chake ukagonga waya, Victorine akashtuka akanyamaza na aleluya yake. Wa tatu ulinyooka tu, mpira wa mtoto wa shule. Ruphin alitaka kuacha kuhesabu lakini hesabu ilijihesabu yenyewe. Ilipofika katikati kijana alivuta pumzi, akaanza kupata moja hapa, moja pale. Mwisho ulikuwa kumi na tatu. Kumi na tatu kati ya thelathini, mbele ya mtu ambaye hatakuja tena.

André alianza kukunja miguu ya mashine.

"Nikuambie ukweli," alimwambia Ruphin. "Nilikuwa na mashaka tangu mwaka jana, ndiyo maana nimekuja. Namba zako ni nzuri, lakini zimesimama. Miaka mitatu, ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne, halafu inarudi ishirini na mbili. Alipokuwa na miaka kumi na mitano ni hivyo, na leo ana kumi na minane ni hivyo. Kijana haendi hivyo. Mimi sitafuti anayerusha vizuri, hao ni wengi. Natafuta anayekua. Huyu wako hakukua, na leo nimejua kwa nini. Iliyokuwa inarusha ni nta, na nta haikui."

Ruphin alisimama na daftari lake mkononi, lile lenye mistari ya rula. Alilitazama akaliona lilivyo, lundo la siku za nta, hakuna hata siku moja ya kijana. Siku za kijana mwenyewe, za mikono mitupu, zilikuwa zimefungiwa kwenye droo hatua mia moja kutoka hapo. Yeye ndiye aliyezifungia. Kwa kumpenda, kwa kumwonea haya, kwa kutaka mambo yaende haraka, alikuwa amempelekea André kila mwezi kitu pekee ambacho si Hénock.

Kulikuwa bado na nafasi ya kunyamaza. André angeondoka akiamini kwamba Ruphin ni mlinzi mwaminifu aliyedanganywa na kopo la nta, na mwaka ujao angempigia simu kuhusu kijana mwingine. Rada ingebaki. Ile ahadi ingebaki. Ruphin aliliwaza hilo, na asijisifu baadaye kwamba hakuliwaza. Kisha akamwona Hénock, amekaa kwenye nyasi, anajikuna mafuta ya taa kwenye vidole, hata haombi kitu.

"Ningoje," alimwambia André. "Dakika mbili. Tafadhali, ningoje!"

Alikimbia. Mtu wa miaka hamsini na moja mwenye buti za ulinzi hakimbii vizuri, na funguo zilimponyoka mara mbili mlangoni mwa kibanda. Alisikia mlango wa gari la André ukifunguliwa. Aliivuta droo ikakwama. Akaivuta tena kwa mguu ukutani, ikatoka yote, vitu vikamwagika, akaokota kitabu akarudi anahema.

"Hiki ndicho," alisema. "Kila kitu kimo. Nilikutumia siku moja tu ya kila mwezi, ile nzuri. Nyingine nilikuficha."

"Ulinificha."

"Ndiyo. Niliona aibu. Niliogopa utamwacha. Lakini Ijumaa za katikati ya mwezi hakuna kazi saluni, hasuki. Jumamosi zinazofuata ndiyo mikono yake mwenyewe. Tazama."

André aliegemea gari, akafungua ukurasa wa kwanza. Alitazama namba za kurasa pembeni, akapitisha kidole kwenye mshono kuona kama kuna uliochanwa. Hakuna. Kisha akaanza kusoma, na Ruphin, ambaye aliijua kila safu, alisoma naye maandishi yakiwa yamepinduka, macho yakiziendea zile za mikono mitupu. Mwaka wa kwanza: nne. Sita. Tatu, sababu: mvua, mkono wa baridi. Tano. Sita. Mwaka wa pili: nane. Tisa. Saba, sababu: amegombana na mama yake. Tisa. Kumi na moja. Mwaka huu: kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na nne. Tano, sababu: homa, nilimwambia asirushe hakusikia. Kumi na tano. Wiki mbili zilizopita: kumi na saba.

Farasi wa kwanza walikuwa wametoka upande wa pili wa barabara, na mtangazaji alianza kukimbia nao kwa mdomo. Victorine alisimama kando ya mwanawe, mikono yake ameificha kwapani. Ruphin hakujua afanye nini na yake. André alirudi mwanzo akasoma upya, safari hii akiruka Jumamosi za mwisho wa mwezi kana kwamba hazijaandikwa. Halafu akatoa simu, akapiga picha ukurasa mmoja baada ya mwingine, za katikati ya mwezi peke yake.

"Kutoka nne mpaka kumi na saba," alisema mwishoni. "Bila mwalimu. Kwa vidole vitupu, na leo kumi na tatu kwa mkono uliooshwa kwa mafuta ya taa." Alimgeukia Hénock. "Kuna kambi ya mazoezi kule, Januari. Wiki kumi na mbili. Wakikupenda wanakupa mkataba wa ligi ya chini kabisa, na pale ndipo kazi inaanza. Pasi unayo?"

"Ninayo," alisema Hénock, na sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto.

Ruphin alimtafsiria Victorine. Mama yule hakupiga aleluya. Alikaa chini kwenye nyasi na gauni lake lililolowa mafuta ya taa, akamshika mwanawe kisogo, akalia.

"Mama, nani atasuka?" Hénock alimwuliza kwa Kiswahili.

"Uende," alisema Victorine. "Nta nitamufundisha mutu. Weye uende."

Ruphin naye alilia, hakuona haja ya kujificha. Alikuwa bado anajipangusa aliposikia André anamwita pembeni. Kitabu alikuwa amekifunga na kukishika chini ya kwapa.

"Umefanya vizuri kukileta," alisema André. "Bila hiki, leo kijana angaliachwa. Lakini kwa miaka mitatu nilikuwa naangalia kwa jicho lako, na jicho lilikuwa linanichagulia cha kuona. Nikiwa na vijana ishirini siwezi kujiuliza kila namba imeficha nini nyuma yake. Nitamweka mtu mwingine huku." Alinyoosha mkono. "Naomba rada."

Ruphin aliivua shingoni. Kamba yake ilikuwa imemchora mstari kwenye shati la kazi kwa kuvaliwa muda mrefu. Alimpa, André akampa kitabu, wakapeana mikono, na kwenye kiganja cha yule mzungu bado kulikuwa na nta kidogo.

Gari lilipotoka Ruphin alifunga geti kama inavyotakiwa. Victorine na Hénock walikuwa wameondoka kwa miguu, maana kulikuwa na mteja wa saa sita na kichwa chake kimefika nusu tangu jana. Ruphin aliingia kibandani, akarudisha droo mahali pake, akaokota kalamu chini. Akafungua kitabu kwenye ukurasa unaofuata na kuandika tarehe.

Idadi: kumi na tatu. Sababu: mikono safi.

Akashuka mstari mmoja. Saa tano na robo, rada imerudishwa kwa mwenyewe, iko katika hali nzuri. Kisha akafika kwenye safu ya tatu, ile ya sababu, kalamu ikasimama. Farasi walikuwa wanamalizia upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyemtaka aijaze, hakuna ambaye angeisoma. Aliandika: mlinzi alificha kurasa. Akatia sahihi yake mbele.